Mita Mia Mbili Zilizobaki

Vijana wa klabu walishindanisha magari mawili mawili kwenye uwanja wa ndege wa zamani. Walikimbia mita mia nne, kisha ikabaki lami kidogo ya kusimamia, na mwisho wake mtaro. Mshonaji, ambaye mumewe hakukosa shindano hata moja, alimsihi shemeji yake, mwenyekiti wa klabu.

“Kimbieni mia mbili tu, shemeji, mpate nafasi ya kufunga breki.”

“Mia mbili? Hapo gari halijavuta hata pumzi!” Mwenyekiti alicheka, na mume wa mshonaji akacheka naye.

Shindano lililofuata mumewe alishinda, lakini breki zikakataa. Walimtoa mtaroni akiwa maiti.

Baadaye shemeji alimwita mjane aje apeperushe bendera ya kuanzisha mbio za kumkumbuka marehemu. Alikuta mstari wa mwisho umechorwa upya, kwenye mita mia mbili.

“Tumefupisha, kama ulivyotaka. Yaliyopita si ndwele, shemeji.”

“Kwako yamepita,” alijibu.

Akaitupa bendera juu ya boneti, akaondoka. Nyuma yake magari yalinguruma, yakakimbia, na yote yakasimama salama, mbali kabisa na mtaro.