Picha ya Wapanda Farasi Mkabala na Kitanda

...na kijiko nimekishika hapo hapo karibu na midomo yake, wali wa maziwa umeanza kuganda juu, na Baba hafungui kinywa, hanitazami, anaitazama picha, ile aliyotuamuru asubuhi tuitoe chumba cha kulia chakula na kuitundika mkabala na kitanda, mimi na nesi Annick, picha nzito kama mlango, nami nikadhani anataka kuwaona farasi tu, mzee wa miaka tisini na tano aliyekuwa askari wa farasi hapa Diest kabla ya vita, kumbe alikuwa na swali, na sasa ameliuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza kama mvua imekatika: "Lieve, Bavo hakuandika hata mara moja?" ... Bavo, jina la kaka yangu, jina ambalo halijatamkwa nyumbani humu miaka nenda miaka rudi, na mkono wangu haushuki wala haupandi, nami pia naitazama picha kwa kuwa siwezi kumtazama yeye, wapanda farasi kumi na mmoja, nimewahesabu utoto wangu wote, moshi wa bastola, farasi mweupe aliyesimamia miguu ya nyuma, mtu kifudifudi kwenye tope, na nyuma yao nchi imetulia tu, mto, mnara wa kanisa, mawingu kama haya ya leo dirishani, utadhani hakuna anayekufa, na huko pembeni yule mmoja aliyewapa wenzake mgongo, anakimbiza farasi kuelekea mitini, Baba alikuwa akimwita mwoga, na Bavo, miaka tisa hivi, akasema labda ametumwa kuita msaada, Baba akacheka, akamvuruga nywele, siku hizo alikuwa akicheka... halafu Jumapili ile, chini ya picha hii hii, sungura aliyepikwa kwa bia mezani, Mama ameshatutoka mwaka wa pili, Bavo miaka ishirini anasema barua ya jeshi imefika na yeye hatakwenda, hatashika bunduki, sauti yake haikupanda hata kidogo, na Baba akaweka kisu chini akasema waoga hawali mezani kwake, na Bavo akanigeukia mimi, si Baba, mimi, "Lieve, sema neno," na mimi wa miaka kumi na saba nikayatazama mafuta yanavyoganda kwenye sahani nikasema, "Mtii Baba," basi, maneno mawili, naye Bavo akakikunja kitambaa chake vizuri kama Mama alivyotufundisha, akachukua koti la mvua, akaenda, kwanza Antwerp, kisha meli, kisha Kanada...

"Amekula, Bi Lieve?" Annick huyo jikoni, maji yanamwagika, nasema bado kidogo, sauti yangu ni ya kawaida, ajabu jinsi sauti inavyoweza kuwa ya kawaida, ilikuwa hivyo hivyo siku ile Baba alipoingia kutoka bustanini akauliza posta imeleta nini nikasema hamna kitu, na barua tayari ilikuwa majivu ndani ya jiko la makaa, imeandikwa jina la Baba, mwandiko wa Bavo ulioinamia kushoto, nimeisoma nimesimama, kwamba amepata kazi kwenye kiwanda cha mbao, kwamba anaota nyumbani, kwamba je, Baba ataruhusu aje, na kama hakuna jibu ataelewa, hatasumbua tena... na wiki ile ile nilikuwa nimemkataa Cyriel, Cyriel mwalimu aliyetaka kunioa tukaishi Liège, nimemwambia kwamba Baba hana mtu mwingine ila mimi, nimelia, nimeshamaliza kulia, na sasa huyu anarudi, mwana aliyepotea, atachinjiwa ndama, na mimi je, nilibaki kwa ajili gani, nikafungua mlango wa jiko, haikuchukua muda, karatasi ya barua za ndege ni nyembamba... na miaka yote nimejiambia Baba angeichana, nimemwepusha na hasira, nimemwepusha Bavo na aibu ya kukataliwa mara ya pili, na mke wa Bavo aliponipigia simu, miaka tisa iliyopita, kwamba mumewe amekwisha kuzikwa, nikamwambia Baba, naye akasema "Haya," akaenda kusimama mbele ya picha mpaka supu ikapoa, nikasema moyoni, unaona, jiwe, nilikuwa sahihi...

Anasema kitu tena, midomo inagusa kijiko bila kula, nainama nisikie, "Angeandika neno moja tu," anasema Baba, "ningemfuata kwa miguu mpaka gatini," na halii, ndilo baya zaidi, anasema kama mtu aliyelipima jambo siku nyingi akaona uzito wake ndio huo, kwa hiyo alikuwa akingoja, kila asubuhi aliyovaa viatu kabla ya posta kufika, nikidhani ni uaskari, alikuwa akingoja, na Bavo ng'ambo ya bahari alikuwa akingoja, na mimi katikati nikiwapikia kimya... nikinyamaza atakufa akiamini mwanawe alimsahau, nikisema atakufa akijua mkono huu unaomlisha ulifanya nini, daktari amesema wiki, pengine siku, na hakuna wa kunilaumu nikinyamaza, hakuna aliyebaki, Bavo hayupo, Cyriel hayupo, nimebaki mimi na huyu mzee aliyekonda kama ndege, na nilidhani nimempa maisha yangu, nilikuwa nikiwaambia watu hivyo kanisani, nimempa maisha yangu... maji bado yanamwagika jikoni, kijiko bado kiko hewani, Baba bado anaitazama picha, na sauti inayotoka, nyembamba, si ile ya kawaida, ni yangu.

"Aliandika, Baba. Kwa wino wa kijani. Niliipokea mimi."