Kidole Gumba cha Mke Wangu

Mke wangu akishaamua jambo, hata umpigie magoti. Binti yetu wa pekee alipotangaza harusi, mama mtu akasema, "Muziki wa kuingilia bibi harusi nitapiga mimi." Nikacheka hadi nikapaliwa na chai. Yeye hakucheka.

Akaazima kompyuta ya binti, akatafuta programu ya kuchanganya nyimbo, akaanza kujifunza. Mitambo hana, ana kibodi tu. Herufi moja inaanzisha wimbo, nyingine inaingiza wa pili taratibu juu ya wa kwanza, na kile kitufe kirefu cha chini kinasimamisha kila kitu.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mke wangu alikuwa mpiga chapa hadi anastaafu, na mpiga chapa akimaliza neno, kidole gumba kinagonga kitufe kirefu chenyewe ili kuacha nafasi. Basi mwimbaji naye kila akimaliza neno, kidole kinagonga, kimya! Ukumbi mzima unabaki umeinua mguu. Ukumbi mzima nikiwa mimi, nimesimama sebuleni na soksi.

"Umezima tena!"

"Sijazima mimi. Kidole hicho."

Nikaleta bisibisi ning'oe kile kitufe. "Thubutu! Kompyuta ya mwenyewe hiyo." Nikamwambia basi atumie mkono wa kushoto peke yake. Wapi! Kidogo tu, wa kulia umesharudi mezani kimyakimya. Nilifoka, yakaisha, nikavaa tena soksi nikacheze.

Siku moja kabla ya harusi, binti akaja kusikiliza. "Mama, nakupenda, lakini muziki ukinikatikia mbele za watu nitazimia. Leo ukikatika, nakodi DJ."

Akasimama kwenye mlango wa jikoni, akaanza kutembea polepole kama bibi harusi. Wimbo wa kwanza safi. Wa pili ukaingia laini, hata mimi nisiyejua kitu nikasema naam! Mke wangu akainua macho, akamtazama mtoto anavyokuja. Kimya.

Akavua miwani. "Kodi tu DJ, mwanangu."

Jamani, roho iliniuma. Mwanamke huyu hajawahi kunyoosha mikono mbele yangu kwa jambo lolote.

"Mbona ulikuwa unakwenda vizuri?" binti akauliza.

"Nilikuona unakuja, nikajisahau."

Binti akaushika mkono wa kulia wa mama yake, akautia kwenye mikono yangu. "Baba, kazi yako hii. Ukiuachia kesho, tutaonana wabaya."

Basi kesho yake nilikaa kando ya mke wangu mbele ya ukumbi, nimeukumbatia ule mkono, yeye anabonyeza kwa kushoto. Wageni wananong'ona, tazama wazee wale, hawana hata haya! Nikawatolea macho. Binti akaingia, na muziki ukamchukua hatua kwa hatua. Mwimbaji kila alipomaliza neno, kidole kiligonga kiganjani mwangu, nami nikakibana. Mke wangu alikuwa analia waziwazi, na muziki haukukatika hata mara moja.

Binti alipofika mbele, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mke wangu akazima mwenyewe, kwa kushoto, akaniinamia.

"Niachie sasa, mzee wangu. Kazi imekwisha."

"Nani kakwambia mimi nimemaliza?" nikamjibu.