Goti la Pimamaji

"Humo ndani niachie mimi niseme," mume wangu aliniambia mlangoni. Nikakubali, ingawa kunyamaza sikuumbiwa.

Mume wangu ni fundi vigae. Wenzake wanamwita Pimamaji, maana hata sahani mezani ataiinamia aone kama imekaa sawa. Tangu ujana anapiga magoti kwenye sakafu za watu. Sasa goti la kulia limelika, vidonge na sindano vimegonga mwamba, kilichobaki ni kisu.

Daktari wa mifupa, mama mmoja asiye na maneno mengi, alitugeuzia kompyuta tuone picha.

"Njia ziko tatu, mzee. Ya kwanza, tunakata mfupa wa muundi hapa chini ya goti na kuunyoosha, ili uzito uhamie upande mzima. Goti linabaki lako, na kazi ya kupiga magoti unaweza kuirudia. Ya pili, tunabadilisha upande ulioharibika tu. Ya tatu, tunabadilisha goti lote. Kwa maumivu hiyo ndiyo ya uhakika zaidi, lakini kushinda umepiga magoti, sahau."

"Ya kwanza," Pimamaji akadakia.

"Taratibu. Hiyo, sawa na ya pili, inafaa kama ubovu uko upande mmoja. Huku mbele, nyuma ya pia ya goti, picha haijanipa jibu. Panauma?"

"Hapana. Hapa ndani tu."

Muongo mkubwa! Nyumbani hushuka ngazi kinyumenyume, kiganja kakibandika juu ya pia hiyo hiyo, akidhani niko jikoni simwoni. Nilimtazama, akanikazia macho. Nikisema, nimemnyang'anya kazi yake. Nikinyamaza, atakatwa mfupa bure, kisha akatwe tena.

Daktari akashika kalamu. "Basi, kama ni hivyo..."

"Anakudanganya, daktari. Mbele panauma. Ngazi zinamtoa machozi."

"Wewe mwanamke!"

"Ndiyo, mimi. Nani mwingine atakuuguza?"

Daktari hakuamua ugomvi wetu. Alivuta kibao kifupi, akamwambia apande, kisha ashuke akitanguliza mguu mzima. Pimamaji alipanda kwa kiburi. Aliposhuka, goti lilikwaruza hadi nikasikia nilipokaa, akaiangukia meza kwa mikono miwili, jasho likimchuruzika. Nilitamani ningekuwa nimekosea.

"Ningeukata huo mfupa," daktari alisema kwa upole, "na maumivu ungeamka nayo."

Pimamaji alikaa kitako, akalisugua goti kwa kiganja. Mimi nilishindwa hata kumgusa bega, nikiogopa ataukwepa mkono wangu.

"Goti lote," akasema mwishowe.

Kisha akatoa simu, akampigia fundi mwenzake hapo hapo, mbele yetu.

"Njoo nyumbani jioni uchukue ile mashine yangu ya kukatia vigae." Akasikiliza. "Hapana, si kuazima."