Doa Lililokataa Kufutwa

Mkuu wa kitengo alimwita Mama Brashi mbele ya wenzake, na kila aliyekuwa chumbani akajifanya ana kazi nyingi sana kwenye kompyuta yake.

"Mama, doa hili nalo ni vumbi la lenzi," alisema, akigusa kioo kwa kalamu. "Programu imeshalifuta. Wiki iliyopita ulituletea kilima, kumbe ni shimo lililomulikwa na jua kutoka upande wa chini wa picha. Juzi ukaleta ufa, kumbe ni mahali picha mbili zilipounganishwa. Leo vumbi. Tulikubaliana, makosa matatu basi."

"La tatu bado, Mkuu. Nipe mpaka saa kumi."

Mkuu akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita na nusu. "Saa kumi, mama. Usipolithibitisha, tutaagana kwa heri."

Basi mama wa watu alikuwa amekalia kuti kavu. Kazi ya chumba kile ilikuwa kukagua picha za uso wa mwezi, zilizopigwa na chombo kinachouzunguka, na kutia alama chochote ambacho hakimo kwenye ramani. Wenzake walikuwa wasomi watupu. Yeye alichukuliwa kwa ajili ya macho yake tu: miaka thelathini alisafisha picha studio, brashi mkononi, mpaka kompyuta zilipomnyang'anya kazi. Sasa zilitaka kumnyang'anya na hii, na hii aliipenda kuliko ile. Saa za kazi hakuumwa mgongo wala hakukumbuka umri wake.

Lakini lilikuwapo doa jingine, la zamani, lililomfundisha adabu. Wiki yake ya kwanza studio alifuta kidoa cheusi juu ya mdomo wa bibi harusi, akiamini ni vumbi. Kumbe ni alama ya kuzaliwa. Bibi harusi alikuja juu kama moto wa kifuu, kaka yake nyuma. "Umenifuta! Hii alama alikuwa nayo marehemu mama yangu!" Kaka mtu alikuja kugomba akaishia kumposa aliyefuta, na bibi harusi yule akawa wifi yake Mama Brashi. Sasa wote wawili ni wajane, wanaishi nyumba moja, na wifi bado anamwita Mfuta Watu. Picha yenyewe haijawahi kutundikwa. Iko chini kabisa ya sanduku.

Tangu siku ile Mama Brashi hafuti kitu kabla ya kujiuliza mambo mawili: kinahama? Kina kivuli? Vumbi lililo ndani ya kamera hubaki palepale kwenye picha hata mandhari ikibadilika, na kivuli halina. Alama ya kweli huenda na mwenye nayo.

Akajifunga kibwebwe. Alifungua picha zote za eneo lile ambazo programu ilikuwa haijazisafisha, kumi na moja, akazipanga kwa saa za jua. Chakula cha mchana kilimpita hivihivi. Katika picha ya kwanza doa lilikuwa karibu na ukingo wa kushoto. Katika ya nne lilikuwa katikati. Katika ya tisa lilikuwa kona ya chini, na kila mara lilikuwa kando ya jiwe lilelile lenye pembe mbili. Akalikuza. Asubuhi ya mwezi weusi wake ulilalia upande wa mashariki, kulekule jua linakotokea. Jioni yake ulikuwa umehamia magharibi.

Saa tisa na robo akasimama. "Mkuu, njoo uone vumbi lako linavyotembea."

Mkuu alikuja na tabasamu la kumwonea mtu huruma. Picha ya nne ikamfuta lile tabasamu. Ya tisa ikamkalisha kitini. Akazirudia zote kumi na moja, na wale waliokuwa na kazi nyingi wakawa wamejazana nyuma yake.

"Hili ni shimo," alisema mwishowe. "Tena refu. Kilima kingetupa kivuli upande wa pili wa jua. Hata jua likiwa utosini chini hakuonekani."

"Na programu yako imelifuta."

"Imefuta mangapi?"

Hapo ndipo chumba kilipochemka. Kila mmoja alirukia kompyuta yake kufukua picha zisizosafishwa, na kabla ya saa kumi walikuwa wameshapata mashimo mengine manne, yote yamepanguswa kama vumbi. Watu walipiga makofi, wakapiga vigelegele, mmoja akapanda juu ya kiti. Mkuu akanyoosha mkono.

"Mama, kosa la tatu ni letu. Kuanzia leo hakuna doa litakalofutwa humu kabla hujaliona wewe."

Mama Brashi alicheka huku machozi yakimtoka, na hakuona haya hata kidogo.

Jioni alimwekea wifi yake picha mezani. Wifi akavaa miwani, akaisogeza, akaigeuza.

"Ndiyo haka kadoa tu, Mfuta Watu?"

"Hakohako, wifi. Kompyuta ilisema ni vumbi. Nikaikatalia."

Kidole cha wifi kilikwenda chenyewe juu ya mdomo. Kisha akainuka, akaingia chumbani, na mfuniko wa sanduku ukasikika ukigonga ukuta. Alirudi na bibi harusi wa miaka mingi iliyopita, uso safi bila ile alama, akamlaza kando ya mwezi.

"Haya," alisema. "Nirudishie na yangu."

Mama Brashi akaenda kutafuta brashi.