Diop Aahidi Kuiamsha Kadi

Mapathé Diop hakuwa mtu mbaya, ila alizaliwa Diop, na hilo Soukeyna Ndiaye hakuwahi kumsamehe. Kina Ndiaye na kina Diop ni watani tangu enzi za mababu. Huyu humwita yule mtumwa wake, na kila mmoja huapa kwamba mwenzake ndiye mlafi. Katika ofisi yetu ya Saint-Louis, tunakohesabu ndege wa mtoni kwenye picha zilizopigwa kutoka angani, matusi hayo ndiyo yalikuwa salamu za asubuhi.

Kompyuta yetu ilihesabu kwa mwendo wa kobe. Unaipa picha moja ya mwari na heroe, unakwenda kunywa chai, unarudi, bado inatafakari. Ripoti ilikuwa inasubiriwa Dakar, na mkuu wetu, Bi Rokhaya Sarr, akahangaika hadi akapata kadi ya michoro, ile wanayoililia vijana wa michezo ya kompyuta. Kadi hiyo hufanya hesabu maelfu kwa mpigo mmoja.

"Nani ataifunga?" akauliza.

"Mimi," Diop akadakia. "Kazi ya nusu saa tu hiyo."

"Nusu saa ya kina Diop, au ya binadamu?" Soukeyna akachokoza.

"Mtumwa akinyamaza, bwana wake hufanya kazi vizuri."

"Haya, bwana. Isipoamka kabla ya chakula cha Ijumaa, utasimama mbele ya bakuli letu la pamoja uwasifu kina Ndiaye, kwa sauti, wote tusikie."

"Na ikiamka, utakiri kwamba babu yako alimchotea maji babu yangu!"

Wakapeana mikono.

Diop akaipachika kadi, kisha akaweka kiendeshi, yaani programu ya kuuwezesha mfumo wa kompyuta kusemezana na kadi. Mfumo ukamtaka atunge neno la siri. Akatunga. Akaizima kompyuta, akaiwasha, akaita programu ya kuhesabu ndege. Ikamjibu: "Hakuna kadi iliyoonekana."

Akafuta kiendeshi, akaweka cha zamani zaidi. Jibu lilelile. Akaweka kipya kabisa. Lilelile. Kila alipoiwasha kompyuta, skrini ya buluu yenye maandishi ilijitokeza kwanza, naye kwa papara zake akabonyeza "Endelea" bila kusoma, kama mtu anayefukuza nzi.

Ijumaa asubuhi tukasikia kelele chumbani kwake. "Imeamka! Njooni muone wenyewe!"

Tukakimbilia huko. Skrini iliandika: "Kadi ipo. Inafanya kazi kwa asilimia tisini na tisa." Feni zilivuma kama upepo wa jangwani. Bi Rokhaya akampa mkono wa pongezi, nami nikapiga makofi.

Soukeyna hakupiga. Kasha la kompyuta lilikuwa wazi ubavuni. Akainama, akaigusa kadi kwa ncha ya kidole, kisha akaweka kiganja kizima.

"Diop, mtani wangu. Kadi inayofanya kazi namna hiyo huunguza. Hii ni baridi kama pua ya mbwa."

"Ni... ni kwa sababu inapozwa vizuri."

"Hebu sogea."

Akaifungua programu iliyokuwa ikiandika yale maneno. Ilikuwa na mistari michache tu, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo: kuyaandika yale maneno. Feni zilizovuma zilikuwa za kasha, Diop alikuwa ameziamuru zizunguke kwa nguvu zote.

"Diop!" Bi Rokhaya akang'aka. "Mimi nangoja ripoti, wewe unanitungia mashairi?"

"Nilitaka kuvuka chakula cha mchana tu, Mama," Diop akasema kinyonge. Hapo hata Bi Rokhaya akageuka ukutani kuficha kicheko.

Soukeyna akavuta kiti. "Zima, uwashe tena. Nataka kuona."

Skrini ya buluu ikatokea. Kidole cha Diop kikaruka kama kawaida yake, Soukeyna akakipiga kofi.

"Hiyo inasema nini?"

"Ah, hiyo huwa inasema mambo mengi."

"Soma, bwana!"

Diop akasoma. Kumbe kompyuta ile haikubali kiendeshi kigeni mpaka mwenyewe akithibitishe, palepale, kwa lile neno la siri alilotunga.

"Mgeni anapiga hodi wiki nzima, na wewe unambamizia mlango!" Soukeyna akasema. "Haya, liingize hilo neno."

Diop akajikuna shingo. "Angalia kando kwanza."

"Siangalii kando."

Akaanza kubonyeza polepole, huku Soukeyna akifuata vidole vyake na kusoma kwa sauti: "N... d... i... a... y... e... m... l... a..."

Alipofika mwisho, ofisi nzima ilikuwa imejua. Neno la siri lilikuwa "ndiayemlafi".

Kompyuta ikawaka. Safari hii kadi ikaonekana, ikapata moto kweli, na picha zikapita mbio hata macho yakashindwa kuzifuata. Kabla ya swala ya Ijumaa ndege wote walikuwa wamehesabiwa.

"Imeamka kabla ya chakula," Diop akasema haraka. "Na vidole vilivyobonyeza ni vyangu. Nimeshinda."

"Mwenye kughushi hashindi," Bi Rokhaya akakata shauri. "Utasifu."

Bakuli la ceebu jën, wali wetu wa samaki, lilipotua, Diop akasimama, akajisafisha koo kama mwimba sifa wa harusini.

"Sikilizeni, enyi watu! Kina Ndiaye ni wafalme! Wakitokea, wali hutetemeka, samaki huomba radhi, karoti huandika wosia! Nani amewahi kuwaona wakinyanyuka na bakuli bado lina kitu? Ni wakubwa, wallahi, ni wakubwa, kuanzia tumboni!"

Soukeyna alicheka mpaka akaegemea ukuta, machozi yakimtoka. Diop akaketi taratibu, akanyoosha mkono hadi upande wa Soukeyna wa bakuli, akakinyakua kile kipande kinono cha samaki.

"Cheka, malkia wangu," akasema, mdomo umejaa. "Wewe cheka tu."