Papa Félicien Anampima Refa wa Raga

Tuseme ukweli mapema: Papa Félicien, mzee wetu, hakuwahi kuona mechi ya raga hata moja. Lakini tangu lini mtu wa serikali akazuiwa na kitu kidogo hivyo? Alichokijua yeye ni kupima watu. Kwa miaka thelathini na moja, katika ofisi moja ya michezo pale Kisangani, ndiye aliyejaza karatasi ambazo kila mtumishi hupimwa nazo mwaka ukiisha, zile wanazoziita cotation. Zina mistari kumi, na chini kabisa neno moja la hukumu: Élite kwa walio bora kabisa, kisha Très Bon, Bon, au Médiocre kwa walio hafifu. Watu wazima na akili zao wamelia mbele ya meza yake kwa sababu ya hilo neno la nne, na yeye hakubadilisha hata nukta.

Sasa sikiliza maajabu. Mpimaji huyo mwenyewe hakuwahi kupimwa. Cotation yake ilitakiwa kusainiwa na mkurugenzi, na wakurugenzi wa ofisi ile walikuwa hawakai. Kila mmoja akiletewa karatasi ya Félicien alijibu yale yale: "Vieux, mzee wangu, nimefika juzi tu, sijakujua bado." Akianza kumjua, anahamishwa. Walipita kumi na wanne. Wa kumi na tano, Bwana Arsène, hakumjua bado pia.

Pensheni ilibaki miezi miwili. Félicien hakutaka sherehe, hakutaka saa ya ukutani. Alitaka karatasi moja tu, yenye jina lake juu, na chini saini ya mtu aliyemtazama akifanya kazi. Jambo hilo lilimuuma hadi chakula kilikuwa hakipiti. Mke wake Claudine alikuwa amechoka kulisikia, na nani angemlaumu?

Basi wiki ile Congo ilikuwa icheze raga na Burundi katika kiwanja cha Simi-Simi, na refa alitoka Kenya, mwanamke mfupi aliyeitwa Nekesa. Mechi ya kimataifa haichezwi hivi hivi: lazima awepo mtu wa kumpima refa. Mtu huyo alikwama Kinshasa, ndege ikamwacha. Shirikisho la raga likaandikia ofisi: tafadhali tupatieni mtu yeyote mwenye uzoefu wa kupima utendaji. Fomu yao imeambatanishwa. Lakini mashine ya kuchapa haikuwa na wino tangu Pasaka, kwa hiyo Félicien akachukua fomu anayoijua, ile ya serikali.

Meza yake ya ofisi ilipelekwa uwanjani juu ya toleka, baiskeli zetu za kubeba abiria, na abiria wa siku hiyo akawa meza. Akaiweka kando ya kiwanja, usawa wa katikati, karibu kabisa na mstari. Akafunga kifungo cha shingoni, akachonga kalamu, akaanza.

Kufika kwa wakati: hakuna la kusema. Mavazi: kaptula, tena mbele ya viongozi. Félicien akasikitika, akaandika sifuri. Kutii wakubwa: hapa palikuwa pabaya. Bwana Arsène mwenyewe alisimama akaagiza kwa sauti kwamba mpira wapewe Congo, na yule mama hakugeuza hata shingo. Uhusiano na umma: umma ulimtukana yeye na ukoo wake, naye hakukasirika. Kujituma: alipuliza filimbi mara thelathini na nne bila kutumwa na mtu. Mwandiko: haujulikani.

Hilo la mwandiko ndilo lililoharibu siku. Mapumziko yalipofika, Félicien alimwita refa mezani, akamsukumia karatasi tupu aandike sentensi mbili, halafu asaini nusu ya kwanza ya cotation yake.

"Mzee, tuko na dakika kumi tu," Nekesa akasema, akicheka.

"Madame, agent mwenye hajasaini cotation yake hawezi kurudia kazi. Iko mu texte, mu sheria. Donc, tunangoja."

Hapo kicheko kikaisha. Refa akakataa kusaini alama ya sifuri kwa kosa la kuvaa kaptula. Félicien akakataa kumruhusu aondoke. Wachezaji thelathini walirudi uwanjani, wakakaa tayari, wakangoja. Dakika kumi na tano. Dakika ishirini na tano. Warundi wakalala kwenye majani. Mama mmoja muuza makemba ya kuchoma akaona soko, akaingia katikati ya kiwanja na beseni lake, na timu zote mbili zikala ndizi zake pamoja.

Nekesa hakuwa mjinga. Alivuta kiti, akakaa, akamtazama yule mzee vizuri.

"Na wewe mzee, nani hukupima?"

Félicien akazipanga upya karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Kwetu refa pia humpima mtu anayempima," Nekesa akaendelea. "Ni kanuni ya shirikisho. Sikiza. Niandikie Très Bon saa hii, nirudi kazini. Mimi nitakuandikia Élite, na saini yangu chini."

Wallahi, mkono wa Félicien ulisogea kwenye kalamu. Élite! Angeweza kuiona ile karatasi ndani ya fremu sebuleni. Alitamani hadi macho yakamjaa maji, na hakuona haya, kwa sababu hakuna aliyejua alichokuwa akililia. Kisha akauondoa mkono, akauweka magotini.

"Hapana, Madame. Enda uchezeshe. Mimi nitakuangalia, na wewe utaniangalia. Kila mutu aandike kile ameona."

Akampa fomu moja tupu. Akamwacha aondoke bila kusaini, kinyume cha texte, na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi.

Nusu ya pili Félicien alikaa wima hadi mgongo ukamwaka moto. Kila filimbi ikilia alijinyoosha zaidi. Nekesa alikuwa akimtupia jicho kila aliporudi upande ule. Na kwa kuwa Félicien naye alilazimika kutazama kweli, akaanza kuona. Aliona fujo lilipozuka, wanaume zaidi ya ishirini wakishikana mashati, na yule refa mfupi akiingia katikati yao, kichwa chake kikiwafika mbavuni. Alisema maneno matatu. Wakaachana, kila mmoja akaenda mahali pake akitazama chini. Congo wakashindwa. Bwana Arsène akapiga kelele tena, na filimbi haikumsikia. Félicien akaufuta mstari wa kutii wakubwa, akaandika upya. Chini kabisa akaandika neno ambalo kwa miaka thelathini na moja aliwahi kulitoa mara mbili tu.

Mechi ikaisha. Nekesa alikuja mezani, jasho linamtiririka, akajaza fomu kwa haraka, akasaini, akamkabidhi. Félicien akaisoma taratibu.

Kufika kwa wakati: alikuwepo kabla ya watu wote. Mavazi: safi. Uaminifu: nilijaribu kumnunua, akakataa. Utendaji: alisimamisha mechi ya kimataifa dakika thelathini na tano kwa sababu ya mwandiko. Neno la mwisho: Médiocre.

Félicien akamgeuzia refa karatasi aliyomwandikia. Nekesa akasoma, akafika chini, akaona: Élite. Uso ukamshuka.

"Mzee, ngoja. Niletee hiyo yako. Nilikuwa na hasira. Wacha nibadilishe."

Lakini Félicien alikuwa ameshaifunika kwa viganja vyote viwili.

"Haiguswi, Madame. Imeshasainiwa."

Bwana Arsène akafika, amekasirika kwa sababu ya Congo kushindwa, akauliza vieux anaficha nini pale mezani. Félicien akasimama. Akamsomea mkurugenzi mistari yote kumi ya cotation yake mwenyewe, kwa sauti ya kusikika hadi kwa muuza makemba, na alipofika kwenye lile neno la mwisho alilitamka vizuri, kisha akasoma tarehe, na jina la mtu aliyesaini.