Pengo la Bibi na Pengo la Mjukuu

Ayoo hakuwa amemaliza hata kuvua viatu pale Pioneer, mtaa wa Eldoret alikokaa mwanawe, mke wa mwanawe, Angeline, akaanza na habari za mdomo.

"Mama, kesho kuna wageni wa birthday ya Byron. Usichekange sana. Ama ufunike na leso."

Mdomo wenyewe ulikuwa na kosa gani? Pengo. Ayoo aling'olewa meno ya chini akiwa msichana kule Siaya, kama wenzake wa rika lake walivyong'olewa kwa mila, na hakudondosha chozi. Leo Angeline, mwenye viatu vya kulia ko ko ko kwenye ngazi za benki alikofanya kazi, aliona pengo hilo ni ushamba ulioletwa Eldoret ndani ya kikapu. Ayoo alimtazama toka kisigino hadi wigi. Kichwa kile, alijisemea, kizuri kwa kubebea wigi tu.

Lakini mjukuu, Ayoo alimpenda. Byron, ambaye angetimiza mwaka mmoja kesho yake, alishinda na chupa ya maziwa ya kopo mdomoni, akatembea nayo, akasinzia mchana akiinyonya. Alipolala, Ayoo aliinua mdomo wa juu wa mtoto. Meno ya mbele yalikuwa na alama nyeupe kama chaki karibu na ufizi.

"Mama Byron, hii meno itaoza. Mtoe chupa akilala, umpanguse mdomo."

"Mama, hii si maziwa ya ng'ombe. Iko na vitamini, imeandikwa hapa kwa kopo." Macho ya Angeline yakashuka hadi kwenye pengo. "Na wewe kweli utaniambia mambo ya meno?"

Ayoo alirudi Siaya na hasira zake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kabla Byron hajatimiza miaka miwili, shavu lilivimba, akawa halali wala hali. Ayoo akaitwa. Kwa daktari wa meno, Angeline alifika na kopo ndani ya mkoba, kama aliyeleta shahidi.

Daktari hakulitazama sana. "Maziwa haya yana sukari, na hilo si dhambi. Shida ni chupa kukaa mdomoni. Vijidudu kwenye utando wa meno hugeuza sukari ikawa asidi, na akilala mate hupungua, hakuna cha kuisafisha. Asidi inakula jino."

Meno manne ya mbele, ya juu, yakang'olewa.

Ayoo alikuwa amejiandaa kucheka hadi mbavu zimuume. Alipomwona mjukuu anapapasa ufizi kwa ulimi, hamu ikamwisha. Ilibaki dharau kwa Angeline, nayo ilikuwa chungu.

Birthday ikaja tena. Wageni walipopanga mstari wa picha, Byron, aliyebebwa na nyanya yake, alimwona akitabasamu, akaingiza kidole kwenye pengo la nyanya, kisha kwenye lake mwenyewe, akaangua kicheko mdomo wazi.

Angeline alivuta leso mbio. "Byron, funga mdomo kidogo, baba."

Ayoo akaishika leso hiyo kabla haijamfikia mtoto.

"Meno yangu ilitolewa na mila. Yake imetolewa na kiburi chako. Acha acheke. Mwenye aibu afunike yake."

Byron akaangua tena, nyanya naye, na mpiga picha akabonyeza. Kwenye picha ile bibi na mjukuu wanacheka, na kando yao Angeline ameufunika kwa mkono mdomo wake uliojaa meno.